Rangi Inapitia Wapi

Biryogo, Kigali
Agosti 1992

Mwanangu Mariamu,

Amani na rehema za Mwenyezi Mungu zikufikie hapo ulipo, ingawa hapo ulipo ni chumba cha pili tu, na kutoka hapa barazani nakusikia ukifunga sanduku na kulifungua tena. Alasiri tumekwisha kuiswali. Nimekaa mbele ya cherehani, karatasi nimeiweka juu ya meza yake, na kila anayepita ananiuliza, "Fundi Selemani, leo umekuwa karani?" Namjibu ndiyo, leo ni karani, nguo yako njoo kesho kutwa.

Mambo ya blanketi na soksi, ya nini ule na nini usile kwa watu, mama yako amekwisha kukuambia, na ataendelea mpaka mlangoni pa ndege kama askari watamruhusu kufika. Hayo mimi nayapita. Nakuandikia lile ambalo Alhamisi sikuweza kulisema.

Alhamisi ulirudi kutoka hospitali ukasimama hapa hapa, ukasema, "Baba, nafikiri sitakwenda." Nilikuwa na gauni la watu chini ya sindano. Sikuinua kichwa, nikakanyaga pedali. Ukangoja, nikakanyaga tena. Mwishowe ukaingia ndani. Labda ulidhani nimekasirika, labda ulidhani sikusikia. Nilisikia vizuri. Ila mashine ikisimama mdomo wangu huanza kutoa maneno ambayo sijayapima, na neno lako lilihitaji kupimwa.

Basi nimelipima, na jibu langu ni kwamba utakwenda. Kesho utapanda ndege pale Kanombe, utafika Ubelgiji, utasoma ngozi kama ulivyotaka tangu ulipokuwa huwezi hata kuliandika neno lenyewe. Lakini wewe ni daktari sasa, si mtoto wa kuambiwa nenda akaenda. Kwa hiyo haki yako ni kujua kwa nini nasema hivi.

Ulisema sababu ni vita. Sitakudanganya kuhusu vita. Kaskazini watu wameacha mashamba yao, hapa mjini tunafunga milango mapema kwa amri, na pale Nyabugogo mtu anaonyesha kitambulisho kabla hajanunua hata viazi. Siwezi kukuahidi kwamba sisi tunaobaki hatutapatwa na jambo. Aliye na ahadi hiyo ni Mungu peke yake, na hajaniambia. Lakini nakujua, Mariamu. Mtu anayeogopa vita anauliza njia ya kutokea iko wapi. Wewe Alhamisi ulikuwa unatafuta njia ya kubaki.

Mama yako ndiye aliyenimalizia habari. Alisema ulimwambia jikoni, "Mama, kule somo lenyewe ni ngozi. Nikisimama mbele yao na ngozi hii, nitakuwa mwanafunzi au nitakuwa somo?" Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, na ile chai ikanishinda. Hofu hiyo naijua ilikotoka. Niliishona mimi, kwa mikono hii, na kwa uzi mzuri.

Hujui ilivyoanza, ulikuwa mdogo. Mama yako alikuwa anakuogesha uani akaniita, "Baba Mariamu, njoo umuone, huyu amejipaka unga wa muhogo." Palikuwa na doa kwenye kiwiko chako, jeupe, dogo kama kifungo cha shati. Alisugua kwa maji, akasugua kwa kitambaa, akasugua kwa sabuni mpaka ukalia. Unga haukutoka. Hivyo ndivyo mbalanga ilivyoingia nyumbani kwetu, na siku ile hata jina lake hatukuwa nalo.

Aliyetuletea jina ni Mama Sauda, jirani yetu, ambaye mpaka leo anajua sababu ya kila kitu isipokuwa sababu ya kuku wake kutaga kwetu. Alikuja akakushika mkono, akaugeuza, akakunja midomo, akasema hii ni mbalanga.

"Mlimpa sambaza?"

Mama yako akasema ndiyo, vile visamaki vya Kivu, nani hali sambaza?

"Na maziwa?"

"Na maziwa."

"Siku moja?"

Mama yako akaanza kuhesabu siku kwa vidole.

"Ehe! Samaki na maziwa ndani ya tumbo moja! Mmemchanganyia wenyewe, halafu mko mnashangaa!"

Siku hiyo hiyo nikapiga marufuku maziwa katika nyumba hii. Nchini Rwanda, mwanangu! Mama yako, mtu aliyekuzwa kwenye mlio wa ng'ombe, alinitazama kama mtu aliyepiga marufuku maji. Wageni wanakuja, hakuna maziwa. Mtoto anaumwa, hakuna maziwa. Nami nasimamia amri yangu kama mkuu wa kituo. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba ulikuwa unapenya kwenye uzio kwenda kunywa mtindi kwa Mama Sauda mwenyewe, na yeye anakupa bila wasiwasi, kwa sababu, alisema, "Kwangu hakuna samaki."

Mabaka hayakujali amri yangu. Yalishuka mkononi, yakaingia kwenye vidole, na moja likakaa pembeni ya mdomo wako kama tone la hayo hayo maziwa niliyokunyima.

Ya ndimu unayakumbuka. Najua unayakumbuka kwa sababu hukuwahi kuyataja mbele yangu mpaka ulipokuwa mtu mzima. Yule mfanyabiashara wa Bukavu aliyekuwa akiniletea vitambaa alinishika bega, akaniambia dawa ni maji ya ndimu na jani fulani la kusaga, unampaka mtoto, unamweka juani saa jua liko kali. Alisema kwao wanafanya. Sikumuuliza kwao ni akina nani, na wangapi walipona. Nilikupaka mwenyewe. Nilikukalisha hapo kwenye ngazi, ukinyoosha mkono kama mtu anayeomba, nami nikawa nakuambia vumilia, vumilia, Mungu anaona. Uliniamini, na hilo ndilo linaloniuma kuliko malengelenge yenyewe. Hukuutoa mkono wako juani hata mara moja.

Tulipokupeleka zahanati ya Kimisagara, yule sista alifungua kitambaa akanitazama mimi.

"Nani alimpika huyu mtoto?"

Nikasema ni mimi.

"Wewe iko baba ao iko mpishi?"

Watu waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Nilistahili.

Mkono ulipona polepole. Na ulipopona, wewe ndiye uliyeona kitu ambacho mimi nisingekiona, maana nilikuwa najilaumu, na anayejilaumu hatazami vizuri. Ulikuja nikiwa nashona, ukauweka mkono wako karibu kabisa na sindano, ukasema, "Baba, tazama." Ndani ya baka jeupe palikuwa na vidoti vya kahawia, vidogo mno, na kila kimoja kimezunguka tundu la unywele.

"Rangi inarudi," ukasema. "Baba, rangi inatoka wapi?"

"Rangi inatoka kwa Mungu."

"Najua. Lakini inapitia wapi?"

Nilicheka. Jioni nikawahadithia wenzangu msikitini, nao wakacheka, mtoto wa fundi anamuuliza Mungu njia. Lakini swali lile halikuwa la kuchekesha, na mimi sikuwa na jibu, na kwa kuwa sikuwa na jibu nilikuambia uondoe mkono kwenye mashine usije ukachomwa. Ulijitafutia jibu mwenyewe. Ulilitafuta sekondari kwa masista, ukalitafuta Butare kwa maprofesa, na sasa unalifuata mpaka kwa Wazungu. Sijawahi kuona mtu akikaa na swali moja muda mrefu kiasi hicho.

Ulipokuwa Butare, likizo moja, ulinieleza. Mama yako alikuwa anachambua mchele, na wewe ukachukua kanga yake moja na kipande cha kitambaa changu cha suruali. Ukasema kanga rangi yake imepigwa juu, ndiyo maana inachuja. Kitambaa cha suruali uzi wenyewe ndio uliotiwa rangi kabla ya kufumwa. Ukasema, "Ngozi ni kama hii ya suruali, Baba. Ndani yake kuna watengeneza rangi, wadogo mno, wanakaa chini, na wengine wamejificha kwenye shina la unywele. Kwangu mimi wale wa juu wamekufa. Lakini wale waliojificha kwenye unywele, wengine wapo hai, na jua likiwaita wanapanda." Ukaniambia pia kwamba ipo mimea yenye maji yanayolivuta jua kwenye ngozi, na hospitali za wenzetu wanaitumia kwa kipimo, kidogo kidogo, wakijua wanachofanya. Halafu ukacheka, ukasema, "Wewe na mtu wako wa Bukavu mlikuwa karibu na dawa. Na karibu zaidi na kuniunguza mzima."

Ulicheka, nami nikacheka, lakini usiku ule nilimshukuru Mungu kwa kicheko chako kuliko kwa elimu yako. Angekuwa mtoto mwingine angenichukia.

Sasa nifike kwenye lile lenyewe.

Ndimu lilikuwa kosa la mtu asiyejua, na kosa la namna hiyo mtu analitubia akalala. Nguo zako hazikuwa hivyo. Ulipoanza shule wasichana wote walivaa sare ya mikono mifupi, na wewe nikakushonea ya mikono inayofika kwenye kifundo, na ukosi uliopanda mpaka chini ya kidevu. Mkuu wa shule akaniita. Nikamwambia sisi ni Waislamu. Akaomba radhi, masikini, mama wa watu, akasema anaheshimu dini za watu. Nilitoka pale nikijiona mwerevu sana. Lakini wewe ulikuwa na umri gani? Binamu zako wa umri huo walikuwa wanakimbia mtaani na vigauni vya mikanda, na baba zao wanaswali safu moja na mimi.

Mtaa ukaona, na mtaa ukasifu. Shehe wetu akaniambia mbele ya watu, "Fundi, umemlea binti." Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Nililipokea lile neno, Mariamu. Nilijua kila pindo la nguo ile limeshonwa kwa ajili ya macho ya watu, nami nikaacha wadhani limeshonwa kwa ajili ya Mungu. Wakaanza kuja akina mama: fundi, nishonee mwanangu kama ya Mariamu. Nikawashonea. Wasichana wa Biryogo wakatembea na joto lote la msimu wa kiangazi ndani ya aibu yangu, na mama zao wananishukuru.

Mama yako alinyamaza muda mrefu. Unajua kunyamaza kwake, kuna uzito. Mpaka ile Idi ambayo wajomba zako walikuja, nawe ulikuwa uani unaosha masufuria umekunja mikono ya nguo. Nikatoka na wageni nikakuona, na mbele yao wote nikapiga kelele, "Shusha mikono hiyo!" Ulishusha. Maji ya sabuni yakaloanisha nguo ya Idi. Hapo mama yako akasema, taratibu, kama mtu anayeuliza bei, "Hapa wote ni wajomba zake na baba yake mdogo, hakuna mwanamume wa kando. Unamficha nani?"

Baba yako mdogo Hamisi akaanza kusifu pilau, na pilau lilikuwa bado jikoni.

Tangu siku ile nilijua ninalolifanya, na bado niliendelea. Hilo ndilo nataka ulijue kutoka kwangu, usije ukalisikia kwa mwingine. Nilikuwa nimezoea kusifiwa. Na wewe ulikuwa umezoea kufunikwa, kiasi kwamba ulipokwenda Butare, mbali na macho yangu, uliendelea kuvaa vile vile bila kuambiwa na mtu. Niliposikia hivyo mama yako aliniambia, "Umeona? Sasa anajishonea mwenyewe."

Ulipotangaza mwaka jana kwamba unataka kusomea ngozi, si moyo, si upasuaji, Hamisi alijipiga mapaja kwa kicheko. Unamjua, miaka yake yote imeishia chini ya magari kule Gatsata.

"Ngozi! Mariamu, mwanangu, ngozi ni bodi! Gari haifi kwa bodi, gari inakufa kwa injini. Soma injini!"

Nawe ukamjibu, "Baba mdogo, na wateja wanaokuja kwako wakilia, wanalilia injini?"

"Aa, wale..." akakuna kichwa. "Wale wanalilia mkwaruzo. Mtu injini inatoa moshi mweusi, yeye iko analia mkwaruzo wa mlango!"

"Basi mimi nitawatibu hao."

Alicheka mpaka akakaa. Lakini hakuamini, na mimi, nikisema kweli, sikuamini sawasawa. Nilidhani unasomea ngozi ili siku moja uifute yako. Niliamini siku ile ya kambi.

Ulikuwa umeomba gari la Hamisi la kubebea dawa za upele kuwapelekea wale waliokimbia vita, kule kwenye barabara ya kaskazini, ukipita Gatsata. Nikaja nanyi kushikilia makopo yasimwagike. Sikuwahi kuona watu wengi hivyo wakijikuna kwa wakati mmoja. Ulikuwa umevaa koti lako jeupe na mikono yake ile ile mirefu, unapaka mtoto mmoja baada ya mwingine, na jasho linakutoka. Ndipo akaja yule mama na mtoto aliyefungwa kwenye kitenge mpaka masikioni. Upele alikubali kuuonyesha kwenye miguu. Ulipotaka kufungua juu alikaza kitenge. Ukamsemesha kwa upole, akakaza zaidi. Watu wa nyuma wakaanza kunong'ona.

Hukubishana naye. Ulifungua kifungo cha mkono wa koti, ukakunja, ukakunja tena mpaka juu ya kiwiko, ukamnyooshea. Kati ya watu wote wale. Sikuwa nimeuona mkono wako mzima umenyooshwa juani tangu siku ya ndimu.

"Nawe, dogiteri?" akasema yule mama. Na wewe pia?

"Nanjye," ukamjibu. Na mimi.

Akalegeza kitenge. Mtoto alikuwa na mabaka shingoni na kwenye kope. Akatoa kidole akaligusa baka lako, akalisugua, akatazama kidole chake kama kimeshika kitu. Mama yake akakuuliza kama inaua. Ukasema haiui. Kama inaambukiza. Ukasema haiambukizi. Halafu akasema, si kwa kukuuliza wewe, "Sasa mimi nimekuwa nikimficha nani?"

Ukageuka ukanitazama. Hukuwa na lawama usoni, nadhani hata hukujua kwamba umegeuka. Mimi nikainama nikajifanya nakaza kamba za gari ambazo zilikuwa zimekazwa.

Tuliporudi, Hamisi alishika usukani mpaka karibu na Nyabugogo bila kusema neno, na hilo kwake ni ugonjwa. Mwishowe akasema, "Kumbe bodi nayo inauma." Ulikuwa umesinzia nyuma, ndiyo maana nakuandikia.

Baada ya siku ile nilikwenda kwa shehe. Nilimwambia zile nguo alizozisifu hazikuwa za dini, zilikuwa za kuficha mbalanga, na kwamba nimekula sifa isiyo yangu. Unajua alisema nini? "Nilijua, Selemani. Mke wangu ana macho. Nilingoja useme." Nikamwambia basi nitamwambia avae anavyotaka. Akanizuia. "Usimvue kwa nguvu kama ulivyomvika kwa nguvu. Akijisitiri kwa ajili ya Mola wake, hiyo ni yake na Mola wake. Wewe toa mkono wako tu." Nimejitahidi kuutoa. Ndiyo maana hukusikia neno kutoka kwangu mwaka huu kuhusu unachovaa, na labda ulidhani nimechoka.

Sasa nirudi kwenye swali lako la jikoni. Kule watakutazama. Siwezi kukuambia hawatakutazama. Hata mimi nikiingia mahali naangalia mishono ya watu kabla ya nyuso zao, ndiyo kazi. Labda profesa mmoja atataka kukupiga picha. Labda mwanafunzi asiye na adabu atakuonyesha kwa kidole. Ukitaka, mruhusu, na usipotaka mwambie hapana, kwa Kifaransa chao kizuri hicho ulichojifunza. Lakini usikimbie kabla hawajakutazama.

Nikupe la kazini kwangu, maana ndilo ninalolijua. Wapo wateja wawili. Mmoja anasimama mbele ya utepe wangu anasema, "Fundi, bega langu hili limeshuka, na tumbo unaliona mwenyewe." Huyo namshonea, na nguo inamkaa. Mwingine anavuta pumzi, anajinyoosha, anaficha bega, nami napima alichonionyesha. Akifika nyumbani akipumua, nguo inambana, anarudi kunigombeza. Miaka yote hii nimekufanya wewe usimame mbele ya utepe umevuta pumzi. Pumua, mwanangu. Wakupime ulivyo. Elimu utakayoipata ukiwa umebana pumzi itakuja kuwakaa watu wengine, wewe haitakukaa.

Na lile swali la rangi inapitia wapi, wao hawalijui lote. Wewe mwenyewe uliniambia vitabu vyao vimejaa picha za ngozi nyeupe, na mabaka juu ya ngozi kama yetu wanayaona mara chache. Basi utakuwa na kitu cha kuwaambia. Ukiwa mwanafunzi na ukiwa somo, yote mawili, kwa hiari yako, sioni kinachokupungukia. Mbona yule mama wa kambini alikuamini kwa yote mawili?

Kwa miaka mingi nilimuomba Mungu akuondolee mbalanga. Nilimuomba kwa machozi, katika miezi mitukufu, kwenye sijida ndefu. Siku hizi simuombi hilo. Namuomba akulinde njiani, atulinde sisi hapa, na akufungulie ulichokuwa unakitafuta. Kama hatutaonana mapema, kwa sababu ya vita au kwa sababu ya Mungu kupanga, usirudi kabla hujamaliza kwa kunionea huruma. Nina mama yako, nina Hamisi, nina Mama Sauda na kuku wake. Hospitali itakuhifadhia nafasi yako au haitakuhifadhia. Hutabaki Kigali kwa ajili yangu, wala kwa ajili ya mbalanga.

Limebaki moja. Jana uliniletea kile kitambaa cheupe, ukasema unataka makoti mawili ya maabara, na mikono yake, ukaonyesha, ifike hapa kwenye vifundo vya vidole. Hukusema utakwenda, lakini mtu asiyekwenda hashonewi koti, kwa hiyo nilifurahi kimoyomoyo. Nilichukua chaki. Nilitazama mahali ulipoonyesha. Vidole vyako ndivyo vitakavyomgusa mgonjwa, Mariamu. Vikiwa ndani ya nguo, atajuaje kwamba humuogopi?

Makoti yote mawili yako tayari, nimeyatundika nyuma ya mlango. Mikono inaishia kwenye kifundo cha mkono, kama ya daktari yeyote, na nimeweka kifungo ili ikunjike. Kazi zote ulizowahi kuniomba nilizifanya. Hii ndiyo ya kwanza kuikataa. Kitambaa kilichobaki nimekikata vipande vya kufutia mashine, usije ukaniambia kuna cha kuunga, na duka la vitambaa limekwisha kufungwa. Ukikasirika, ukasirike ukiwa ndani ya ndege.

Baba yako,
Selemani